Maarifa ya Viumbe Yaliposomwa kwa Sauti

Mwaka 1929 mwanabiolojia wa Kiingereza, Julian Huxley, alitumwa Afrika ya Mashariki na kamati ya serikali ya Uingereza iliyoshughulikia elimu katika makoloni. Kazi yake ilikuwa kuchunguza namna biolojia inavyoweza kufundishwa katika shule za Waafrika. Hakuwa mtu wa maabara tu. Wakati uleule alikuwa akiandika, pamoja na H. G. Wells na mwanawe G. P. Wells, The Science of Life, kitabu kikubwa kilichokusudia kumweleza msomaji wa kawaida habari za uhai wote. Safari yake aliisimulia katika Africa View, kilichotoka mwaka 1931. Katikati ya miaka hiyo, yaani 1930, ndipo ilipoundwa Kamati ya Lugha iliyopewa jukumu la kusanifisha Kiswahili. Mambo hayo mawili yalizaliwa pamoja, lakini hayakulelewa nyumba moja.

Naandika haya nikiwa Babati, mji uliokaa kati ya ziwa lenye viboko na mlima Kwaraa, katika barabara itokayo Dodoma kwenda Arusha. Lugha za wenyeji wa hapa hazina nasaba moja. Kigorowa na Kiiraqw ni za jamii ya Kikushi, Kibarabaig ni ya Kiniloti, Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu. Kila moja ina majina yake ya miti, wadudu na maradhi, na majina hayo hukutania katika Kiswahili, sokoni, shuleni na zahanati. Kwa hiyo habari ya vitabu vya elimu ya viumbe katika Kiswahili si ya watunga kamusi peke yao. Ni habari ya Mbarabaig na Mrangi kuweza kuketi na kujadili ugonjwa mmoja wa ng'ombe wakaelewana.

Mwanzo haukuwa mbaya. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, liliweka mafunzo ya kilimo na afya karibu na kurasa za mashairi. Washairi wetu wa kale, Shaaban Robert akiwa mmojawao, walichapisha tungo zao humo, jirani kabisa na maarifa ya shamba na mwili. Vitabu, hata hivyo, vilishika njia nyingine. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati, alitupatia Mashimo ya Mfalme Sulemani na Safari za Gulliver. Sivibezi, Kiswahili chake kina ladha yake. Lakini tazama ajabu hii: msomaji wa Kiswahili aliwajua watu wafupi wa Lilliput kabla ya kuelezwa yaliyomo tumboni mwa mbu. Baada ya mwaka 1948 Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki lilianza kutoa vijitabu vya afya na ukulima, vyembamba, vyenye sauti ya bwana shamba anayeamuru.

Uhuru ukaja, na mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, huku Kiswahili kikipewa shule za msingi zote. Hayo yanajulikana. Ninalotaka kulikalia ni jambo lililotokea mwaka 1973, kwa sababu kwa maoni yangu ndicho kilele cha elimu ya viumbe katika lugha yetu, ingawa hakuna aliyekiita hivyo.

Mwaka huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12, vikundi vya watu wazima vilikusanyika nchi nzima, chini ya mwembe, darasani au kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Redio ilitoa kipindi, kisha kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu kwa sauti, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Kilichosomwa kikajadiliwa, na mwishoni kikundi kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Viongozi wapatao 75,000 walifunzwa kwa kazi hiyo, na washiriki walikadiriwa kufika milioni 2.

Mada zilikuwa malaria, kichocho, minyoo ya safura, kuhara damu na kifua kikuu. Ukiziangalia kwa jicho la mwanafunzi wa baiolojia, utaona kwamba hilo lilikuwa somo zima la vimelea na mizunguko ya maisha yao. Kichocho peke yake ni kisa kinachoshinda hekaya nyingi. Yai hutoka na mkojo au kinyesi cha mtu, huanguliwa majini, kiumbe kidogo humtafuta konokono na kumwingia, huongezeka ndani yake, kisha hutoka kwa sura nyingine na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kuteka maji. Kwa watu waishio kando ya ziwa, kama sisi, maneno hayo hayakuhitaji picha. Mzee mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa kijana wakati ule, bado huyasimulia kwa mpangilio uleule, na akifika kwa konokono hunyamaza kidogo, kama msimulizi ajuaye mahali pa kukata pumzi.

Wenye sikio la ushairi wayatazame majina ya kampeni za zama hizo. Mtu ni Afya, mizani 5. Chakula ni Uhai, ya mwaka 1975, mizani 7. Misitu ni Mali, ya mwaka 1980, mizani 6. Kila jina ni sentensi kamili isiyo na kitenzi ila "ni", muundo uleule wa methali zetu. Aliyeyatunga alijua kwamba kitabu kitapita mdomoni kabla ya kufika machoni. Naam, vijitabu vile vilikuwa na mapungufu. Vilifundisha kinga kuliko udadisi, na msomaji hakuambiwa jinsi mtu wa kwanza alivyogundua kuwa konokono anahusika. Hata hivyo maneno yalikaa. "Vimelea", lenye mizizi katika kumea, lilieleweka kwa mkulima bila kamusi, maana alikwisha kuona kitu kikimea juu ya kingine.

Jambo kama hilo lilitokea tena kwa uchungu zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa ugonjwa mpya walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, watu wa huko waliuita Juliana, jina la kitambaa cha biashara. Ndipo likaja neno UKIMWI, lililoundwa kwa silabi za Upungufu wa Kinga Mwilini. Ndani ya miaka michache "kinga", lililokuwa na maana ya kitu cha kuzuia pigo au mvua, likawa askari wanaoishi ndani ya damu. Huo ni ukurasa mgumu wa baiolojia, na taifa zima liliujifunza kwa silabi tatu.

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Ni kazi ya kuheshimiwa. "Usanisinuru", kwa mfano, ni neno lililojengwa vizuri: usanisi na nuru, majani yakitengeneza chakula kwa mwanga. Lina mizani 6, kwa hiyo katika kipande cha mizani 8 humwachia mshairi mbili tu za kupumulia, nalo bado linaimbika. "Umbijani" ni fupi zaidi na, kwangu mimi, ni zuri kupita "klorofili". Tatizo halikuwa maneno. Tatizo ni kwamba kamusi ilitangulia vitabu ambavyo vingeyatembeza maneno hayo. Vimelea waliingia katika lugha wakiwa ndani ya kisa. Usanisinuru uliingia ukiwa katika orodha.

Tena maisha ya neno hilo ni mafupi. Mtoto wa Babati hulipata katika shule ya msingi, hulikariri kwa mtihani, na akifika kidato cha kwanza huliacha mlangoni, kwa kuwa huko somo ni kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake, msamiati wetu wa uhai una umri wa darasa la saba.

Haya yananiuma zaidi ninapowaza habari za ndovu. Katika miaka ya 1960 Iain Douglas-Hamilton alikaa katika Hifadhi ya Ziwa Manyara, kaskazini yetu, akiwatambua ndovu mmoja mmoja kwa masikio na pembe zao, na kuchunguza walivyokuwa wakibandua magome ya migunga. Yeye na mkewe Oria walitoa Among the Elephants mwaka 1975, kitabu kilichoufundisha ulimwengu kwamba ndovu huishi kwa familia zinazoongozwa na jike mkongwe. Kiliandikwa kwa Kiingereza, na nakala niliyoisoma ni ya Kiingereza. Baadaye, katika Tarangire, ndani ya mkoa wetu wenyewe, watafiti walieleza ukame wa mwaka 1993: ndama 16 kati ya 81 walikufa kwa miezi 9, lakini makundi yaliyotoka hifadhini kutafuta maji na malisho yalipoteza wachache. Walipochapisha matokeo yao mwaka 2008 walipendekeza kwamba huenda majike wakongwe waliukumbuka ukame wa 1958 hadi 1961. Mkulima wa Magugu, ambaye ndovu humwingilia shambani usiku, ndiye mwenye haki ya kwanza ya kusoma kisa hicho. Anawajua wanyama hao kwa hasara. Angewajua pia kwa kumbukumbu zao.

Nimeanza kukiandika kisa cha ukame ule kwa Kiswahili, kwa ajili ya kusomwa kwa sauti kwenye kikundi chetu cha washairi. Ndama hakunisumbua, wala ukame, wala kumbukumbu. Nimekwama kwa yule jike mkongwe. "Jike kiongozi" nililiandika kwanza, mwenzangu mmoja akasema ni cheo cha ofisini. "Bibi" ni tamu, ila linamfanya mpole kupita kiasi. Mwingine akaleta "nyakanga", yule kungwi mkuu anayejua njia na siri za kundi zima na ambaye wadogo humfuata bila kuuliza. Wengine wanalikataa, wakisema ni neno la unyago na lisitolewe nje. Kwa sasa ndilo lililomo daftarini mwangu, na mbele yake kuna alama ya kuuliza. Mwenye neno bora alilete.