Makohozi Yanapimwa Nini?

Mtu akiambiwa apeleke makohozi maabara, moyo humdunda kwa ugonjwa mmoja tu: kifua kikuu. "Kupima makohozi" ni msemo uliokwisha kumilikiwa na TB. Basi anayeshukiwa kuwa na saratani ya mapafu akikabidhiwa kikopo kilekile, kwa maneno yaleyale, atakosaje kuchanganyikiwa? Dalili zenyewe zinafanana: kikohozi kisichokoma, damu, kukonda. Wapo waliomeza dawa za TB kwa miezi kabla saratani haijagunduliwa.

Kipimo hiki cha pili wataalamu hukiita saitolojia ya makohozi. Hapa hawatafutwi bakteria. Zinatafutwa seli za mgonjwa mwenyewe. Utando wa ndani wa njia za hewa hupukutisha seli zake kuukuu, nazo hubebwa na ute hadi kooni. Uvimbe wa saratani hupukutisha zaidi, kwa kuwa seli zake hazishikamani sawasawa. Makohozi hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi aliyoibuni George Papanicolaou, daktari mzaliwa wa Ugiriki, yuleyule wa kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Chini ya darubini, seli ya saratani hujifichua kwa kiini chake: kikubwa kupita kiasi, kimekolea rangi, kingo zake zimepinda ovyo.

Sina ugomvi na "saitolojia" ikiwa jina la taaluma. Lakini mgonjwa hafanyiwi taaluma, anafanyiwa kipimo. Ningemwambia "upimaji wa seli za njia ya hewa". Ni refu, nakiri. Ila linataja kinachotafutwa, wala halifungwi na makohozi. Tangu Mjapani Shigeto Ikeda alipoleta bronkoskopu inayopinda katika miaka ya 1960, daktari anaweza kuupitisha mrija huo hadi ndani ya mapafu, akasugua kwa kibrashi, au akamimina maji ya chumvi na kuyafyonza tena. Zote hizo ni njia za kupata seli. Biopsi ni jambo jingine: huko hunyofolewa kipande kidogo cha nyama, yaani cha tishu. Na wanaotaka "chembe hai" badala ya "seli" wamechelewa. "Selimundu" imeshazoeleka hospitalini na mitaani.

Penye utajiri wetu wa maneno ni kwenye majimaji yenyewe. Tunayo mate, makohozi, ute, kamasi, belghamu. Tofauti ya mate na makohozi ndiyo inayoamua kama kipimo kina maana. Mtaalamu hutazama kwanza kama kiooni kuna makrofaji, seli za ndani kabisa ya mapafu zinazomeza vumbi na masizi. Zisipoonekana, mgonjwa ametema mate tu, na sampuli haifai. Ndiyo maana huelekezwa akohoe kwa nguvu asubuhi anapoamka, kwa kawaida siku tatu mfululizo.

Limebaki jibu la maabara, ambalo nimeona likifasiriwa vibaya. "Hakuna seli za saratani zilizoonekana" hugeuzwa kuwa "huna saratani". Uvimbe ulio karibu na njia kubwa za hewa hupukutisha seli zinazofika kikopuni. Ulio pembezoni mwa pafu mara nyingi haufikishi hata moja. Mfasiri asilidondoshe hilo neno "zilizoonekana".