Uwanda wa Mafuriko wa Rufiji na Ardhi Yake ya Juu

Mto Rufiji huundwa na makutano ya mito Kilombero na Luwegu, kisha hupokea maji ya Ruaha Mkuu kabla ya kutiririka katika nyanda za chini za Mkoa wa Pwani. Bonde lake zima lina takribani kilomita za mraba 177,000, karibu sehemu moja kati ya tano ya Tanzania Bara.

Uwanda wa mafuriko ni ardhi bapa ambayo mto wenyewe umeitandaza kwa mashapo. Pale mto unapochimba zaidi, sakafu yake ya zamani hubaki juu, pembeni mwa bonde, mfano wa ngazi. Ardhi hiyo ya juu ndiyo kimbilio maji yanapopanda.

Wakazi wa Rufiji wameitumia tofauti hii kwa vizazi vingi. Maji yakishuka, hulima mlau: mahindi na kunde hupandwa katika tope lenye unyevu na hukua bila kusubiri mvua. Maziwa ya uwandani kama Utunge, Ruwe na Zumbi nayo hujazwa upya na mafuriko, na samaki huingia humo. Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 na 1969 ilihamishia kaya nyingi ardhi ya juu. Mashamba yalibaki bondeni, na wakulima wakaendelea kushuka kuyalinda wakiwa katika madungu.

Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Bwawa lolote la aina hiyo hunasa mashapo na kubadili nyakati za maji, hivyo rutuba ya mlau na uhai wa maziwa hutegemea namna maji yanavyoachiwa. Hata hivyo, hatari ya mafuriko haijaondoka: Aprili 2024 maji yaliingia katika makazi na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Umbali huo hulinda ukingo; hauthibitishi kwamba kiwanja kilicho nje yake hakifikiwi na maji. Mkondo wa kale uliokauka huonekana kama ardhi ya kawaida wakati wa kiangazi. Kabla ya kununua au kujenga, mwananchi aulize ofisi ya kijiji, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na wazee wanaokumbuka maji yalifika wapi.