Sindano ya Mgongoni na Uchungu wa Uzazi: Historia ya Tiba ya Maumivu Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Neno nusukaputi limeishi katika hospitali za Tanzania kwa zaidi ya karne moja baada ya utawala wa Wajerumani kuanguka. Wanaleksikografia hulihusisha na neno la Kijerumani kaputt, lenye maana ya kuharibika au kufa. Hivyo mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ni mtu aliyekufa nusu. Neno ganzi lina picha nyingine. Hutaja kiungo kisichohisi ilhali mwenyewe yu macho, anasikia na anasema. Insha hii inachunguza jinsi tiba ilivyohama kutoka nusukaputi kwenda ganzi katika Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, eneo ambalo sasa linajumuisha pia Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Hoja inayojengwa ni kwamba sindano ya mgongoni ilipokelewa kwa ajili ya upasuaji, lakini haikumfikia mwanamke anayejifungua kwa njia ya kawaida. Sababu kuu haikuwa mafundisho ya dini wala ustahimilivu wa wanawake. Ilikuwa uhaba wa mtu wa kukaa karibu na mzazi kwa saa nyingi, pamoja na desturi ya kumbukumbu za uzazi ambazo hazikuwa na mahali pa kuandikia maumivu.

2.0 Sindano mbili zenye historia mbili

Mwaka 1898, Wabenediktini walipoanzisha misheni ya Peramiho, August Bier alifanya majaribio ya ganzi ya uti wa mgongo huko Kiel, Ujerumani, akitumia kokeini. Miaka miwili baadaye, Oskar Kreis wa Basel aliitumia njia hiyo kwa wanawake wenye uchungu wa uzazi. Katika njia hii, sindano nyembamba huingia hadi kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo. Dawa kidogo, mililita chache tu, huleta ganzi kwa dakika chache, na ganzi hiyo huisha baada ya saa mbili hivi.

Epidura ilifuata mkondo wake. Mwaka 1921, daktari wa jeshi la Hispania, Fidel Pagés, alieleza namna ya kuweka dawa nje ya utando unaofunika uti wa mgongo. Mwaka 1931, Achille Dogliotti wa Italia aliifafanua na kuieneza. Mwaka 1947, Manuel Martínez Curbelo wa Havana alipitisha mpira mwembamba kwenye nafasi hiyo ili dawa iongezwe kila inapopungua. Mpira huo ndio uliofanya epidura ifae kwa uchungu wa uzazi, ambao hauna saa maalumu ya kwisha. Kwa hiyo, tofauti ya njia hizi si mahali sindano inapokoma tu, bali pia muda ambao kila moja humdai mhudumu.

3.0 Je, imani ilizuia?

Huduma za hospitali katika eneo hili zilijengwa kwa sehemu kubwa na makanisa. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA), iliyojikita katika kisiwa cha Likoma tangu mwaka 1885, ilivuka ziwa hadi mwambao wa mashariki. Meli yake ya Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901, ilikusudiwa kuwa shule na zahanati ielayo. Hospitali ya Mtakatifu Anna ya Liuli, mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhafen, ni ya mkondo huo wa Kianglikana. Kule juu, katika milima ya Umatengo, Hospitali ya Litembo ni ya Jimbo Katoliki la Mbinga, lililoundwa mwaka 1986.

Ni rahisi kudhani kuwa makanisa yaliuona uchungu wa uzazi kuwa agizo la Kitabu cha Mwanzo lisilopaswa kuguswa. Ushahidi wa mafundisho hauungi mkono dhana hiyo. Malkia Victoria, mkuu wa Kanisa la Uingereza, alivuta klorofomu aliyopewa na John Snow alipojifungua mwaka 1853. Upande wa Wakatoliki, Papa Pius XII alitamka mwaka 1956 kwamba Maandiko hayamkatazi mama kupunguziwa maumivu, na mwaka 1957 alizungumzia uhalali wa dawa za ganzi na usingizi. Kufikia uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, si Liuli wala Litembo iliyofungwa na katazo rasmi. Sababu haina budi kutafutwa kwingine.

4.0 Swali la mlinzi

Ketamini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1970, ilizisaidia sana hospitali ndogo za Afrika kwa kuwa haikuhitaji mashine wala umeme. Ganzi ya uti wa mgongo nayo ilikubalika kwa sababu kama hizo: gharama yake ni ndogo, mama hubaki macho, na mtoto hapati dawa nyingi ya usingizi. Kwa upasuaji wa uzazi, sindano moja hutosha.

Epidura haimalizwi kwa sindano moja. Shinikizo la damu laweza kushuka. Mpira waweza kuhama. Dawa nyingi ikiingia kwenye mshipa wa damu yaweza kuleta degedege. Lazima awepo mtu mwenye ujuzi anayepima na kungoja usiku kucha. Katika hospitali ya wilaya, mtaalamu wa usingizi huwa mmoja au wachache, naye huhitajika chumba cha upasuaji. Akikaa na mama mmoja mwenye uchungu wa kawaida, mwingine aliyeletwa kwa mtumbwi au kwa barabara ya milimani, mtoto akiwa amekwama, atakosa wa kumwokoa. Uamuzi wa kutotoa epidura haukuwa ukatili. Ulikuwa hesabu ya uhai. Hata hivyo, hesabu hiyo ilimwachia mtu mmoja gharama yake, yaani mama aliyejifungua salama huku akiumia.

5.0 Chati isiyouliza

Gharama hiyo haikuandikwa. Mwaka 1972, Philpott na Castle walichapisha chati ya kufuatilia uchungu, patografu, iliyotokana na kazi yao huko Salisbury, ambayo sasa ni Harare. Lengo lake lilikuwa kumwezesha mkunga aliye mbali na hospitali kutambua mapema uzazi uliokwama. Chati hiyo, iliyoenea Afrika nzima, iliandika mapigo ya moyo wa mtoto, kufunguka kwa mlango wa kizazi, na idadi na urefu wa mikazo. Mikazo ilihesabiwa, maumivu hayakuulizwa. Ni mwaka 2020 tu ambapo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa uangalizi wa uzazi wenye sehemu ya kuandika kama mama ana mwenzi wa kumsindikiza na kama amepata nafuu ya maumivu.

Kwa mtafiti wa historia, hili lina uzito wa kimbinu. Ukimya wa kumbukumbu za wodi za wazazi usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba wanawake wa Umatengo na mwambao hawakuhitaji nafuu. Ni ukimya wa karatasi isiyokuwa na safu hiyo.

6.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba sindano ya mgongoni iligawanyika njiani: ile ya saa mbili ilipata mahali katika hospitali za wilaya, ile ya usiku mzima ikabaki katika hospitali chache za mijini. Kilichoamua ni saa za mhudumu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, pamoja na kupendekeza epidura kwa mama mwenye afya anayeiomba, inapendekeza pia kukandwa, vitambaa vya moto na mwenzi wa kumsindikiza. Mengi ya haya hayahitaji mtaalamu wa usingizi. Lugha yenyewe imekwisha kutaja kinachotibiwa: mama hushikwa na uchungu, na uchungu ni neno lilelile la ladha ya shubiri na la huzuni ya moyo. Historia ya tiba ya uzazi Mbinga na Nyasa haitakamilika hadi wanawake wenyewe waulizwe, wangali hai, kuhusu kile ambacho chati haikuwauliza.