Siri ya Gemakw: Simulizi na Lugha katika Fumbo la Ma'angwatay

Wairaqw, ambao majirani zao wengi huwaita Wambulu, husimulia kwamba kabla ya kuenea katika nyanda za juu za Mbulu na hatimaye Hanang, wazee wao waliishi pamoja mahali palipoitwa Ma'angwatay, panapodhaniwa kuwa katika eneo la Kondoa. Kuvunjika kwa makao hayo ni fumbo lenye sura zote za kesi ya upelelezi: mtoto aliyetekwa, baba aliyewaita maadui, na familia iliyotoroka usiku. Makala hii inalichunguza fumbo hilo kwa aina mbili za ushahidi, yaani simulizi na lugha, ili kubainisha kila moja inathibitisha nini na inakomea wapi.

Kiini cha simulizi ni hiki. Huko Ma'angwatay kiongozi alikuwa Haymu Tipe. Vijana walivutana naye juu ya mamlaka, wakamteka Gemakw, mwanawe wa pekee wa kiume, wakatishia kumuua iwapo baba asingewaletea maadui wa kupigana nao. Haymu Tipe akawaendea Wabarabaig, tawi la Wadatoga, waliokuwa wakiishi upande wa Dongobesh, akawaomba waje. Vita vilipopamba moto, Wairaqw wengi waliuawa, wake kwa waume na watoto. Kushindwa kulipodhihirika, Haymu Tipe alimchukua mwanawe, aliyekuwa ameachiliwa, akatoroka usiku pamoja na jamaa yake. Huko Guser-Twalay, Gemakw aliugua, akafariki. Baba aliendelea na safari kwa majonzi kupitia msitu wa Qawirang, magharibi ya Ziwa Babati, hadi Gehandu. Wengine walishika njia nyingine kupitia Yaeda, wakakaa Mama Isara.

Swali la kwanza la mpelelezi ni la hatia: nani aliiangamiza Ma'angwatay? Simulizi haiwatupii lawama wageni. Wabarabaig walikuja kwa sababu waliitwa. Aliyewaita ni kiongozi mwenyewe, na waliomlazimisha ni vijana wa jamii yake. Kwa kawaida masimulizi ya asili huwapamba waasisi kwa ushujaa. Hili linahifadhi aibu ya nyumbani. Aibu ya namna hiyo si rahisi kubuniwa na watu wanaojisimulia, na hapo ndipo uzito wake kama ushahidi ulipo. Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Kisa cha vijana wanaotaka vita na mzee anayeshindwa kuwazuia kinafaa pia kuwa funzo kuhusu utii kwa wazee. Jambo linaweza kukumbukwa kwa sababu lilitokea, na likaendelea kukumbukwa kwa sababu linafunza.

Swali la pili linamhusu mtoto. Katika muhtasari wa kisa hiki Gemakw hana kauli hata moja. Anatekwa, anaachiliwa, anabebwa, anakufa. Maisha yake yamenunuliwa kwa maisha ya wengi, kisha maradhi yanamchukua njiani. Kwa hiyo, kifo chake si tukio la pembeni: kinaibatilisha biashara yote iliyofanywa na baba. Simulizi halitoi hukumu kwa maneno. Linaiacha safari iseme. Wala halina tarehe. Kumbukumbu yake imefungwa katika majina ya mahali: Guser-Twalay, Qawirang, Mangati, Gehandu. Robert Thornton, katika utafiti wake kuhusu Wairaqw uliochapishwa mwaka 1980, alionyesha jinsi mahali panavyobeba uzito katika fikra za jamii hii. Msikilizaji anayezijua njia za Babati na Hanang anaweza kulifuata kosa la wazee kituo kwa kituo.

Lugha inatoa ushahidi wa namna nyingine. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na ndugu zake wa karibu ni Kigorwa cha Babati, kisha Kialagwa na Kiburunge, vinavyozungumzwa Kondoa. Mpangilio huo, kutoka Kondoa kupitia Babati hadi Mbulu, unakubaliana na mwelekeo wa safari inayosimuliwa. Zaidi ya hayo, Kiiraqw kimekopa maneno kutoka Kidatoga, lugha ya Kinailoti, yakiwemo ya ufugaji. Maneno ya mifugo hayakopwi katika usiku mmoja wa vita. Yanahitaji ujirani wa muda mrefu. Basi lugha inaithibitisha njia, lakini pia inaisahihisha picha ya maadui wasiojuana.

Ushahidi huohuo unaondoa dalili ya uongo. Yapo masimulizi yanayodai kwamba Wairaqw walitoka Mesopotamia, nchi ya Iraki ya leo, na mfanano wa majina huonekana kuyaunga mkono. Lakini mfanano wa sauti peke yake si ukoo. Msamiati na sarufi vinaielekeza asili ya Kiiraqw kwa jamaa zake Wakushi, ambao wengi wako Ethiopia na Pembe ya Afrika.

Hata hivyo, isimu haiwezi kumthibitisha Gemakw. Inaweza kuonyesha kwamba watu walihama na kwamba walichanganyika na majirani. Haiwezi kusema ni mtoto gani aliyefia njiani. Hilo limebaki mikononi mwa wasimulizi, na namna ya kulipokea si jambo dogo. Katika Mbulu na Hanang, ambako Wairaqw na Wadatoga wanatumia ardhi ileile, kisa cha Ma'angwatay kinaweza kusomwa vibaya kama chanzo cha uadui wa kabila na kabila. Kikisomwa kwa makini, kinasema kinyume chake: kidonda kilianzia ndani ya nyumba, na jirani aliitwa na mwenye nyumba.