Wanawake wa Ahmedabad na Benki Yao

Mwanachama wa ushirika anayeshangilia miaka 10 ya kazi ajua maana ya hisa, ya stakabadhi na ya mkutano mkuu. Kwa hiyo yafaa asikie habari za wanawake wa mji wa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat nchini India.

Walikuwa wauza mboga, wachukuzi wa mizigo na washona nguo majumbani. Mwaka 1972 walijiunga katika chama cha SEWA, kilichoanzishwa na Bibi Ela Bhatt. Wengi walifanya biashara kwa fedha za wakopeshaji, na faida yao ikaishia katika riba. Ndipo walipoazimia kuwa na benki yao wenyewe: mwaka 1974 wanawake 4,000 walitoa rupia 10 kila mmoja, ikasajiliwa kuwa benki ya ushirika.

Usajili haukupatikana kwa urahisi. Wakuu waliuliza, wasiojua kusoma wataendeshaje benki? Basi waanzilishi wakakesha wakijifunza kuandika majina yao, hata wakaweza kutia sahihi. Tena picha ya kila mwenye akiba iliwekwa katika kitabu chake, ili mtu mwingine asipate kutoa fedha zake. Uongozi bora ulianzia hapo, mwenye mali alipowezeshwa kuilinda.

Baadaye ilidhihirika kuwa wengi walioshindwa kulipa mikopo hawakuwa wavivu wala wadanganyifu. Waliugua, au walifiwa. Kwa sababu hiyo bima ilianzishwa mwaka 1992. Vyama vya maziwa, vya kazi za mikono na vya huduma navyo viliundwa, kila kazi na chama chake. Na mwaka huo huo vikaungana katika shirikisho la kuvisaidia kwa mafunzo, uongozi na masoko.

Tuutazame utaratibu huo. Bima haikuanzishwa kwa kuiga jirani, bali kwa haja iliyoonekana katika madeni ya wanachama wenyewe.

Katika vyama vingi vya mazao, mama ndiye apaliliaye na achumaye, lakini jina lililomo katika daftari ni la mume. Chama kitakacho biashara mpya za wanawake na kianze kwa kuwaandika wanachama, kuwasomea hesabu kwa lugha waielewayo, na kuwachagua katika halmashauri. Mradi wa kuku, wa nyuki au wa duka utafuata baadaye, nao watakuwa na uwezo wa kuuliza fedha zimekwenda wapi.