Usiku wa sita: Jinsi familia za Wahindu zinavyombariki mtoto mchanga nyumbani

Katika nyumba nyingi za Wahindu wenye asili ya Gujarat, magharibi mwa India, mtoto akifikisha siku ya sita tangu azaliwe hufanyiwa ibada fupi ya baraka. Ibada hiyo huitwa chhathi, neno la Kigujarati lenye maana ya "ya sita". Haihitaji hekalu wala ukumbi. Hufanyika sebuleni au chumbani, na mara nyingi wanaoiongoza ni bibi na shangazi.

Makala hii inaeleza ibada hiyo inavyofanyika, maana yake, na mambo ya kuangalia ili mtoto asipate madhara. Itakufaa ukiwa mzazi Mhindu uliye mbali na hekalu, na pia ukiwa jirani uliyealikwa.

Wahindu na Wahindi

Kwanza tutofautishe maneno mawili. Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki ni Waislamu, kama Maismailia na Mabohora, wengine ni Masingasinga, na Wagoa wengi ni Wakristo. Wahindu ndio ambao wazee wa pwani waliwaita Mabaniani, jina lililotokana na tabaka la wafanyabiashara wa Gujarat.

Wafanyabiashara hao walikuwa Unguja na Mombasa hata kabla ya ukoloni. Reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na baadhi yao walibaki. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua raia wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hiyo.

Kwa nini siku ya sita

Zamani, siku za kwanza ndizo zilizochukua watoto wengi. Pepopunda iliyoingia kupitia kitovu, kwa mfano, kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Ndiyo sababu sehemu nyingi za India zina ibada ya siku ya sita, ya kumshukuru Mungu kwa mtoto aliyevuka siku hizo na kumwombea ulinzi.

Wagujarati huamini kwamba usiku huo mungu wa kike aitwaye Vidhata huja kuandika majaliwa ya mtoto: umri wake, elimu yake, riziki yake. Kwa hiyo familia humwandalia karatasi tupu na kalamu.

Vitu vinavyoandaliwa

Vitu vingi hupatikana katika soko la kawaida:

- kigoda kifupi cha mbao na kitambaa safi cha kukitandika
- taa ndogo ya samli yenye utambi wa pamba
- karatasi nyeupe na kalamu. Wengi hupenda wino mwekundu
- maua, mchele kidogo, popoo na sarafu
- unga mwekundu uitwao kumkum
- vitu vitamu vya kugawia wageni
- shuka imara ya pamba kwa ajili ya kumtajia mtoto jina

Hatua kwa hatua

Nyumba husafishwa mapema. Jioni, mama na mtoto wakiwa wasafi, kigoda hutandikwa na vitu hupangwa juu yake. Karatasi na kalamu huwekwa karibu na taa.

Taa huwashwa na familia huomba dua. Mtoto huletwa mbele ya kigoda, akapakatwa na mama au bibi, kana kwamba anamsalimu mgeni anayesubiriwa. Wakubwa humbariki kwa kumnyunyizia punje chache za mchele na kumtakia maisha marefu. Karatasi huachwa pale hadi asubuhi.

Hakuna sharti la kuwa na pandit, yaani kasisi wa Kihindu. Anayejua sala za nyumbani anaweza kuongoza, na asiyezijua huomba kwa lugha anayoielewa. Sala kwa Kiswahili nayo ni sala.

Shangazi ndiye mtoa jina

Hapa ndipo msikilizaji wa kwetu atakapoona ukaribu. Kwa Wagujarati anayetangaza jina la mtoto si baba wala mama, ni dada wa baba. Wao humwita foi. Sisi humwita shangazi.

Kwanza hutafutwa herufi. Kwa kutazama saa ya kuzaliwa na mahali mwezi ulipokuwa angani, pandit au kalenda ya Kihindu huonyesha nyota ya mtoto, na kila nyota ina herufi zake. Mtoto wa nyota ya Kondoo, kwa mfano, jina lake huanza na A, L au I. Wa nyota ya Ng'ombe huanza na B, V au U. Aliye mbali na hekalu humpigia pandit simu na kumtajia tarehe, saa na mahali alipozaliwa mtoto. Kwa hiyo muulize mkunga saa kamili, kisha iandike.

Siku ya kutoa jina, mtoto hulazwa katikati ya shuka, na watu wanne hushika pembe zake. Familia nyingine huweka pia popoo, sarafu na jani la pipal, mti mtakatifu ambao ni ndugu wa mkuyu. Mtoto hubembezwa taratibu huku wanawake wakiimba, na shangazi hulitamka jina. Yeye huleta nguo au pambo kwa mtoto, naye hupewa zawadi na kaka yake. Kama shangazi yuko mbali, anaweza kulitaja kwa simu, au binamu wa baba akashika nafasi yake.

Wengine hutoa jina usiku huohuo wa sita. Wengine husubiri siku ya 11 au ya 12, kwa sababu siku kama kumi za mwanzo huhesabiwa kuwa za sutak, ambapo familia haifanyi ibada kwenye madhabahu ya nyumbani. Wahindu wa Maharashtra humweka mtoto kwenye susu siku ya 12. Sehemu za kusini mwa India, baba huandika jina kwenye sinia la mchele. Hivyo usishangae nyumba mbili za Wahindu zikifanya tofauti.

Mila ibaki, mtoto awe salama

Ibada hii inamwombea mtoto uhai, kwa hiyo haifai imhatarishe. Angalia haya:

Asali. Kuna mila ya zamani ya kumlambisha mtoto asali na samli. Usimpe asali mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata tone. Asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwa mtoto na kulegeza misuli yake, hata ile ya kupumulia. Kwa miezi sita ya kwanza Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake, bila maji wala samli. Baba anaweza kumnong'oneza mtoto baraka sikioni. Hilo nalo ni sehemu ya mila hiyohiyo.

Wanja. Doa jeusi la kumkinga mtoto na kijicho linajulikana India na pwani yetu pia. Wanja wa aina nyingine una madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usimpake machoni. Uzi mweusi nao usifungwe shingoni.

Kitovu. Usipake samli, manjano wala majivu. Kiache kikavu na kisafi, au fuata maelekezo ya muuguzi.

Moto na moshi. Taa iwe mbali na shuka na nguo za mama. Ubani usichomwe mwingi katika chumba kilichofungwa.

Shuka. Washikaji wawe watu wazima, na shuka iwe chini, juu ya godoro. Watoto wanaotaka kushiriki wagusishe mikono tu.

Wageni. Wanawe mikono, wasimbusu mtoto, na mwenye kikohozi au mafua aombe radhi kwa simu.

La mwisho ni kubwa kuliko yote. Mtoto akikataa kunyonya, akipata homa au baridi isiyo ya kawaida, akipumua kwa shida, akipata degedege, au viganja na nyayo zikawa za njano, mpelekeni kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama wageni wameshafika. Na mtoto aliyelazwa wodini asiondolewe kwa ajili ya siku ya sita. Familia zinaweza kuisogeza ibada mbele, na baraka haipungui.

Ukialikwa

Vua viatu mlangoni. Usiende na nyama wala mayai, kwa kuwa Wahindu wengi wa Gujarat hawali vitu hivyo. Usiweke mkoba wa ngozi karibu na kigoda. Zawadi ya pesa hupendeza ikiwa na sarafu moja juu ya noti, kwa kuwa hesabu inayoishia na moja ni ishara ya kuendelea. Ukipewa kitu kitamu, kipokee kwa mkono wa kulia. Na usikae sana. Mama anahitaji kupumzika. Familia nyingi humpumzisha siku arobaini, kama tulivyozoea sisi.

Baada ya miezi sita kuna ibada nyingine, annaprashana, ambapo mtoto hulishwa wali kwa mara ya kwanza. Hiyo inakwenda sambamba na ushauri wa wataalamu wa afya kwamba chakula cha nyongeza kianze umri huo.

Jina liende pia serikalini

Jina alilotaja shangazi linatakiwa kufika kwenye cheti cha kuzaliwa. Tanzania Bara uandikishaji wa kizazi unatakiwa kufanyika ndani ya siku 90, na Kenya ndani ya miezi sita. Kabla ya kwenda, kubalianeni namna ya kuliandika jina, maana majina ya Kigujarati huandikwa kwa herufi zetu kwa njia zaidi ya moja. Herufi moja ikitofautiana kati ya cheti, shule na pasipoti, mtoto ndiye atakayehangaika ukubwani.

Liandikeni jina kwenye karatasi, mumsomee shangazi aliyelitoa, kisha mwende nayo ofisini.