Swali Kwanza, Takwimu Baadaye: Kulinganisha Vyanzo vya Mtandaoni vya Afya ya Jamii Mbeya na Iringa

Makala haya yanadai kwamba vyanzo vya mtandaoni vya taarifa za afya ya jamii vipimwe kwa swali ambalo kila kimoja kiliundwa kulijibu, kabla ya kutazama sifa ya mchapishaji wake. Katika Nyanda za Juu Kusini, kuchanganya vyanzo hivi huzaa mipango inayoelekezwa pasipostahili.

Kundi la kwanza ni maktaba za utafiti. PubMed humpa yeyote muhtasari wa makala bila malipo. Hinari, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, hufungua majarida ya kulipia kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwamo. Kwa kuwa nywila hupewa taasisi, mhadhiri wa chuo cha afya jijini Mbeya huingia kwa wepesi kuliko muuguzi wa zahanati ya Kilolo au Chunya. Maktaba hizi hujibu vizuri swali la tiba ipi inafaa. Swali la nani anaumwa wapi haziliwezi.

Hilo hujibiwa na kundi la pili, yaani takwimu za vituo. Muuguzi hujaza madaftari ya MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), hujumlisha mwisho wa mwezi, kisha jumla huingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na kuenea nchini kuanzia mwaka 2013. Nguvu yake ni ukaribu, kwani mganga mkuu wa wilaya huona kituo kwa kituo, mwezi kwa mwezi. Lakini humwona aliyefika kituoni tu. Tena asilimia za chanjo hutegemea makisio ya idadi ya watoto. Makisio yakiwa madogo kuliko hali halisi, kata inaweza kuonekana imechanja zaidi ya asilimia 100.

Kundi la tatu ni tafiti za kaya, na udumavu unaonyesha thamani yake. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba takriban asilimia 57 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 30. Mkoa unaolisha wengine ndio wenye watoto wengi waliodumaa. Kliniki peke yake isingetoa picha hiyo, maana mahudhurio hupungua chanjo zikikamilika, na mtoto asiyeletwa hapimwi urefu. Hata hivyo, utafiti huo hauwezi kuiambia halmashauri ni kijiji gani kianze.

Hatari kubwa zaidi hujificha ndani ya kundi hilihili. Utafiti wa VVU wa 2011/12 uliipa Mbeya asilimia 9.0 na Iringa 9.1, na ule wa 2022/23 ukazipa 9.6 na 11.1. Msomaji mwenye haraka atahitimisha kwamba maambukizi yameongezeka. Lakini takwimu za kwanza ni za watu wa miaka 15 hadi 49, na za pili ni za wote kuanzia miaka 15. Mbeya ya kwanza ilikuwa na Songwe ndani yake, mkoa uliojitenga mwaka 2016. Isitoshe, dawa za kufubaza virusi zimewaweka hai watu wengi, na kila anayeishi huhesabiwa. Takwimu inaweza kupanda kwa sababu huduma imefanikiwa.

Wapo wanaosema tiba ni kukusanya kila kitu katika tovuti moja ya taifa. Hoja hiyo ina mashiko kwa upande wa upatikanaji, lakini tovuti isiyoeleza umri, mipaka na mwaka itasambaza kosa lilelile kwa kasi zaidi.

Kinachohitajika ni muhtasari wa kila mwaka wa mkoa, unaooanisha makundi yote matatu na kuandika kando ya kila takwimu umri, mipaka, mwaka na idadi iliyogawanya. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na vyuo vya afya vya kanda vina wataalamu wa kuuandaa pamoja na timu za afya za mikoa. Uandikwe kwa Kiswahili, lugha ya vikao vya kata na ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na uwe mezani kabla halmashauri hazijapitisha bajeti.